Mjomba ananunua rangi isiyo na jina, na tenda ni ya chekechea

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni fundi rangi, nina miaka 27, nimeoa na tuna binti wa miaka miwili. Naishi Tanga. Naomba usinitaje jina, maana mafundi wa hapa tunajuana, na mjomba wangu anajulikana kuliko mimi.

Baba alifariki nikiwa darasa la tano. Aliyenichukua ni mjomba, kaka yake mama. Alinilipia ada mpaka kidato cha nne, na nilipofeli hakunisema hata neno. Alinipa brashi, akaniambia nianze na mageti. Kila ninachokijua kwenye kazi hii nimekipata kwake. Nilipooa, sehemu kubwa ya mahari ilitoka mfukoni mwake. Mpaka leo mama anapelekewa mchele na mafuta na yeye. Nakueleza haya ujue kwamba huyu si mtu ambaye naweza kuamka tu asubuhi nikamwambia sitaki.

Tenda anachukua mjomba, kazi tunapiga mimi na vijana wengine wawili. Rangi ya maji tunanunua dukani kama watu wote. Ila rangi ya mafuta anaichukua kwa jamaa mmoja anayechanganya mwenyewe nyuma ya gereji. Inakuja kwenye ndoo zilizokwishatumika. Nyingine zina lebo ya kampuni lakini kilichomo si cha kampuni hiyo, nyingine hazina chochote, zimeandikwa tu kwa maka peni “njano” au “kijani”. Bei iko chini sana kuliko ya dukani. Na kusema haki, kwa macho ni rangi nzuri: njano yake inafunika ukuta kwa mkono mmoja, inakauka upesi, inang’aa. Wateja wanaisifia.

Sasa, kampuni moja ya rangi ilituita mafundi kwenye semina. Tulipewa fulana na pilau, halafu wakatueleza habari za madini ya risasi ndani ya rangi. Wakasema serikali imeweka ukomo wa 90, kupita hapo hairuhusiwi, kwa sababu risasi inaharibu akili za watoto. Wakasema tuwe macho hasa na njano, nyekundu na kijani za bei ya kutupa. Nilikaa pale nikiziwaza ndoo zetu.

Nilimgusia mjomba. Alicheka. “Miaka thelathini napaka, nimekuwa mwehu?” Akasema hao wanatafuta soko la rangi yao, na kwamba serikali ikikazana kuweka vikomo fundi mdogo atakula nini. Sikumjibu.

Amepata tenda ya chekechea. Madarasa matatu, viti na meza za watoto, pamoja na bembea za nje. Mwalimu mkuu anataka nusu ya chini ya ukuta iwe ya mafuta, njano, milango na madirisha kijani, bembea nyekundu. Rangi ya zamani imeanza kubanduka, kwa hiyo tutaanza na skrepa na msasa kabla ya kupaka. Malipo ya awali mjomba ameshapokea, na najua fungu lake limelipa deni la mama la hospitali.

Mke wangu anasema niache kujitafutia makubwa, rangi si yangu, mimi nimeajiriwa tu. Ananiambia, “Mbona kila jioni mtoto anakurukia na ovaroli lako hivyohivyo na hajapata kitu?”

Nimefikiria kusingizia homa mpaka kazi iishe. Nimefikiria kumnong’oneza mwalimu mkuu. Nimefikiria kupiga simu TBS, Shirika la Viwango Tanzania, bila kujitaja. Nikinyamaza najiona nawaumiza watoto wa watu, nikisema najiona mpwa asiye na shukrani. Mama, mimi nishike lipi?

Fundi Mpwa, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma nikamwonea huruma kila aliyemo, mpaka yule mjomba anayecheka. Ukiondoa majina ya rangi, unachoniuliza ni hiki: mtu aliyekulea anaweza kuwa anaweka sumu mahali pa watoto, na hujui namna ya kulisema hilo bila kuonekana unamtupia matope. Kabla hatujafika kwenye nani aambiwe, naomba tukague vitu ambavyo umevichukua kama vimeshathibitika.

Tuanze na semina. Mjomba hakukosea kushtuka. Waliowapa fulana wana bidhaa ya kuuza, na fundi mwenye akili lazima ajiulize maneno yao yanamnufaisha nani. Lakini ile 90 hawakuitunga wao. Ni ukomo uliomo kwenye viwango vya rangi vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, nasi Tanzania ni wanachama. Maana yake ni miligramu 90 za risasi kwa kila kilo ya rangi iliyokauka. Marekani ilianza na 600 mwaka 1978, ikashuka hadi 90 mwaka 2009, na ndiyo namba ambayo Umoja wa Mataifa unazishauri nchi zote ziitumie. Kwa nini isiwe sifuri? Kwa sababu malighafi za rangi zinachimbwa ardhini na huja na chembe za risasi bila mtu kuzitia. Ukomo wa 90 unamwachia mtengenezaji nafasi ya hizo chembe, haumwachii nafasi ya kuitia kwa makusudi.

Na inatiwa kwa makusudi kwa sababu hizo hizo ulizozisifia. Kuna unga wa njano uitwao kromati ya risasi: unang’aa, unafunika vizuri, haupauki kwa jua. Ukichanganywa na nyingine unatoa machungwa, nyekundu na kijani. Kuna pia dawa za risasi za kuikausha rangi ya mafuta upesi. Shirika la mazingira la AGENDA la hapa nchini, likishirikiana na IPEN, mtandao wa kimataifa unaopinga kemikali zenye sumu, liliwahi kununua rangi za mafuta madukani na kuzipima, na kati ya za njano zilikutwa zilizozidi 10,000 kwa kipimo hichohicho cha miligramu kwa kilo. Hizo zilikuwa na lebo.

Hapo hapo nikushike mkono. Hujui kama rangi ya yule jamaa wa gereji ina risasi. Mimi pia sijui. Kufunika kwa mkono mmoja kunatia shaka, lakini hakuthibitishi kitu. Risasi haionekani kwa jicho wala hainusiki. Kinachoisema ni maabara. Unaweza kuulizia TBS wenyewe, au Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, wanapokea sampuli ya namna gani na kwa gharama gani. Paka kipande cha mbao au kioo, kiache kikauke, andika rangi na ndoo iliyotoka. Mazungumzo yenye karatasi ya vipimo mezani si sawa na mazungumzo ya “nimesikia kwenye semina”. Ila jiandae: huenda karatasi ikakuambia mjomba yuko sahihi, au ikakuambia njano ni mbaya na kijani haina neno.

Sasa kuna jambo ambalo umelipitia kwa haraka mno. Macho yako yote yako kwenye ndoo mpya. Mimi yangu yalisimama pale ulipoandika skrepa na msasa.

Rangi ya zamani ya hiyo chekechea ilipakwa lini, na ilitoka wapi? Kama ni ya kabla ya ukomo huu kuwekwa, inawezekana ina risasi kuliko chochote mtakachokipaka juu yake. Ikiwa imeshika ukutani haina madhara makubwa. Hatari inakuja inapogeuka vumbi. Ukipiga msasa mkavu dirishani, unga unatua sakafuni, kwenye meza na kwenye mchanga wa chini ya bembea. Mtoto wa miaka minne anaukanyaga, anaushika, halafu mkono unakwenda mdomoni. Tumbo la mtoto linafyonza risasi mara nne hadi tano kuliko la mtu mzima. Kwa hiyo mnaweza kununua rangi safi kuliko zote Tanga na bado mkawaachia watoto sumu, kwa jinsi mlivyokwangua tu.

Habari njema ni kwamba hili halihitaji ruhusa ya mjomba wala kumsengenya kwa mtu. Wewe ndiye unayeshika msasa. Palipo na rangi iliyoshika vizuri, osha, kausha, paka juu yake bila kukwangua. Palipobanduka, lowesha kwanza na tumia msasa wa maji. Tandika nailoni chini, kusanya maganda yote kwenye mfuko na ufunge. Msichome rangi ya zamani kwa moto wa gesi. Mkimaliza pigeni deki kwa maji na sabuni, msifagie pakavu, na kazi ifanyike watoto wakiwa likizo. Itawachelewesha, na mjomba atauliza kwa nini. Mwambie ukweli: vumbi linakusumbua. Nalo linakusumbua kweli.

Kuhusu ovaroli nitasema wazi, maana hapa hatupimi uhusiano wa mtu. Lisiingie nyumbani. Badilisha nguo kazini, lifungie kwenye mfuko, lifuliwe peke yake mbali na nguo za mtoto. Nawa mikono na uso kabla ya kula, oga kabla ya kumbeba binti yako. Mke wako anasema hajapata kitu. Namwelewa, lakini risasi kidogo haimpi mtoto homa wala upele. Inagusa uwezo wa kujifunza na kutulia, na dalili huonekana akishafika shule, wakati ambapo kila mtu atasema “huyu mtundu tu”. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, na tangu 2021 linashauri kwamba damu ikionyesha mikrogramu 5 kwa desilita au zaidi, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Kipimo hicho hakipo kila kituo cha afya. Mwulize daktari wa hospitali ya mkoa wapi kinapatikana. Nyumbani mpeni vyakula vyenye chuma na kalisi, dagaa, mchicha, maziwa, kwa sababu mwili uliopungukiwa na hivyo hufyonza risasi zaidi. Nasema haya bila kutaka ulale macho. Mtoto ambaye chanzo kimeondolewa mapema yuko mahali pazuri.

Turudi kwa mjomba. Kwenye barua umemweka upande wa mkosaji. Mimi namwona pia upande wa wanaoumia, na sijui kama umewahi kumtazama hivyo. Miaka thelathini ya vumbi na rangi! Risasi ikiingia mwilini hukaa kwenye mifupa kwa miaka na miaka, inapandisha shinikizo la damu, inaumiza figo, inasokota tumbo. Sheria za mwanzo za kimataifa kuhusu rangi ya risasi wala hazikuanza na watoto, zilianza na mafundi. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba kuhusu rangi nyeupe ya risasi, na ndani yake mna mambo ambayo ungedhani yameandikwa kwa ajili yenu: vumbi la kukwangua pakavu lizuiwe, fundi avae ovaroli muda wote wa kazi, apewe mahali pa kunawa, na nguo zake za nyumbani zisichafuliwe na rangi.

Uliponukuu kicheko chake nilijiuliza kama ulimwambia “rangi yako inaharibu watoto” au ulimwambia “mjomba, nina wasiwasi na afya yako”. Ni mazungumzo mawili tofauti. La kwanza linamdai ajitetee. La pili anaweza kulisikiliza, kwa sababu linatoka kwa kijana aliyemlea mwenyewe. Na hili la vikomo si geni kwake. Mwenye umri wake anakumbuka petroli yenye risasi ilipoondolewa kwenye vituo vyetu katikati ya miaka ya 2000. Watu walinung’unika, magari yakaendelea kutembea.

Mama yako ni dada yake. Kwa desturi zetu, neno zito kwa mjomba hupita vizuri kwa mama kuliko kwa mpwa. Lakini pana mtego: pesa ya awali imeshamlipia mama hospitali. Ukimweleza vibaya atajiona yeye ndiye aliyewafikisha hapo. Kama utampitia, deni usilitaje.

Zile njia ulizozifikiria, tuzitazame moja moja. Kusingizia homa kutakutoa wewe pale, lakini ndoo zitabaki palepale, na atakayeshika msasa mkavu ni kijana asiyejua lolote. Sikuhukumu kwa kuiwaza. Mtu aliyebanwa hutafuta mlango wowote.

Kumnong’oneza mwalimu mkuu kuna haki ndani yake, kwa kuwa yeye ndiye atakayejibu kwa wazazi. Hasara yake ni kwamba mjomba atajua siku hiyohiyo mdomo ni wa nani, tenda inaweza kuvunjika, na pesa iliyoliwa itadaiwa. Wapo wanaochagua njia ya katikati: kumwambia mteja, hadharani na mbele ya mjomba, kwamba ni vizuri rangi ya darasa la watoto iwe na alama ya TBS na makopo yafunguliwe mbele yake yakiwa na mihuri. Halimtuhumu mtu. Lakini usijidanganye, mjomba ataelewa, na yeye si mtoto.

Simu ya TBS ni uamuzi mkubwa zaidi. Sheria ya Viwango ya 2009 inamgusa anayetengeneza na anayeuza, kwa hiyo mlengwa hasa ni yule wa gereji, ambaye huenda anauzia mafundi wengi ambao wewe huwajui. Hapo kuna watoto wengi kuliko wa chekechea moja, na hilo lina uzito wake. Ila wakaguzi wakianza kuuliza ndoo zimekwenda kwa nani, huwezi kuwachagulia waishie wapi. Na ukipiga simu kabla hujazungumza na mjomba, jiulize kama utaweza kumtazama usoni ukimpelekea sikukuu.

Ipo na njia ya hesabu, ambayo hukuitaja. Kaa na mjomba mpige bei upya. Nusu ya chini ya ukuta ndiyo inayoguswa na watoto, ndiyo maana wanataka rangi ya mafuta inayofutika. Je, ukuta wote ukipakwa rangi ya maji inayooshika, mafuta yakabaki kwa milango, madirisha, viti na bembea tu, mtahitaji makopo mangapi ya dukani? Rangi ya maji kwa kawaida haina hizo dawa za kukaushia. Huenda tofauti ya bei ikawa ndogo kuliko anavyodhani, au mwalimu mkuu akakubali kuongeza kidogo akielezwa sababu. Huenda pia faida ikaisha kabisa, na hapo mtajua wazi kwamba tenda ilichukuliwa kwa bei ambayo isingewezekana bila rangi ya gereji. Hilo nalo ni jambo la kulizungumza kama watu wazima wawili wa kazi moja. Wewe si saidia fundi tena.

Na akikataa yote? Akisema ndoo ni zilezile, asiyetaka aondoke? Siwezi kukuchagulia hapo, mwanangu. Utakuwa unapima kitu ambacho sikijui: kina cha mapenzi yenu, na kiasi gani unaweza kuishi nacho ukipita mbele ya hiyo chekechea. Najua tu kwamba shukrani uliyonayo kwake ni ya kweli, na kwamba kumpinga kwenye jambo moja hakuifuti. Kama atakasirika, hasira yake itakuwa ya mzazi, na wazazi wetu wengi hukasirika kwanza, wakafikiri baadaye.

Anza na ovaroli leo, na sampuli wiki hii kabla likizo haijafika. Majibu ya maabara yakitoka niandikie, hata kama ni ya kutufurahisha. Tutaisoma hiyo namba pamoja, kisha tuone nani aambiwe na kwa maneno gani.

Mama Mshauri